Manowari, Kifaru na Mtihani wa Mfasiri: Zana za Kivita za Wajerumani katika Kiswahili

Utangulizi

Msomaji anapokutana na sentensi ya Kiswahili isemayo kwamba manowari kumi za Kijerumani ziliangamia Narvik mwezi Aprili mwaka wa 1940, huelewa kuwa meli za vita zilizama. Zaidi ya hapo haelewi kitu. Hajui iwapo zilikuwa meli kubwa mithili ya majabali au vyombo vyepesi vya kusindikiza. Hajui ni kwa nini hasara hiyo ililitikisa jeshi la wanamaji la Ujerumani kwa muda wote uliosalia wa Vita vya Pili vya Dunia. Sentensi haina kosa la kisarufi, na mhariri angeipitisha bila kuitia alama. Ila imeficha jambo ambalo mwandishi wake wa kwanza alikuwa amelifichua.

Makala haya yanachunguza maneno mawili ambayo Kiswahili huyatumia kwa zana kuu za vita vya kisasa, yaani manowari na kifaru, na kuyapima kwa kuyaweka mbele ya zana za Wajerumani za mwaka wa 1934 hadi 1945. Zana hizo zimechaguliwa kwa sababu maalumu. Wajerumani walikuwa na mazoea ya kuzipa mashine zao majina mengi, mengine ya watu na mengine ya wanyama, na majina hayo humtia mfasiri wa Kiswahili katika mtego ambao tafsiri ya neno kwa neno haiwezi kumnasua.

Manowari: neno moja, meli nyingi

Neno manowari lilitoholewa kutoka Kiingereza katika enzi ambapo meli za vita za Waingereza zilipiga doria katika pwani ya Afrika Mashariki. Ikumbukwe kwamba halina umoja wala wingi unaotokana na kiambishi ma-, japo wapo wanafunzi wanaoandika "manowari yale yalizama" kana kwamba liko nowari moja mahali fulani. Ni nomino ya ngeli ya I-ZI, na utohozi wake umekamilika kiasi kwamba wazungumzaji wengi hawaoni tena ugeni wowote ndani yake.

Tatizo ni upana wake. Manowari ni neno jumuishi. Mwaka wa 1914 Königsberg ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Mto Rufiji hadi tarehe 11 Julai 1915, mabaharia wake walipoizamisha wenyewe baada ya kushambuliwa vikali. Meli zote mbili huitwa manowari. Meli ndogo zilizoingia Rufiji kuimaliza Königsberg nazo ni manowari. Mizinga yake kumi yenye kipenyo cha sentimita 10.5 iliopolewa, ikafungwa magurudumu na kukokotwa bara, na mmojawapo ungali unaonekana katika Ngome ya Yesu mjini Mombasa. Kwa masimulizi ya jumla, upana huu haukuleta dhara. Pwani ilikuwa na haja ya kuitofautisha meli ya vita na meli ya biashara, basi.

Vita vya Pili vya Dunia havisimuliki hivyo. Mwanahistoria hutofautisha aina nyingi za meli za vita, na kila aina ina kazi yake, ukubwa wake na udhaifu wake. Aina inayomtatiza mfasiri kuliko zote ni ile ambayo Waingereza huiita destroyer na Wajerumani Zerstörer. Maana ya juujuu ya maneno yote mawili ni "mharibifu", na hapo ndipo mtego ulipo. Anayetafsiri kwa kuchungulia kamusi ataandika "manowari haribifu", na msomaji atadhani kwamba anasimuliwa habari za meli kali na kubwa kuliko nyingine zote baharini.

Historia ya istilahi hiyo inaeleza mambo kwa njia tofauti. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 kulizuka mashua ndogo, nyepesi na za bei nafuu zilizobeba topido, yaani kombora linalosafiri chini ya maji. Mashua ya namna hiyo iliweza kuiviziia na kuizamisha meli iliyogharimu mara nyingi zaidi. Katika miaka ya 1890 Waingereza wakaunda vyombo vikubwa kidogo, vyenye kasi, vya kuziwinda mashua hizo. Vikaitwa viharibu-mashua-za-topido. Baadaye jina likakatwa, likabaki "kiharibu" peke yake, na kile kilichokuwa kikiharibiwa kikasahauliwa. Wajerumani kwa muda mrefu waliviita vyombo vyao vya aina hiyo mashua kubwa za topido kabla ya kulikumbatia jina la Zerstörer. Fauka ya hayo, jeshi lao la anga nalo lilitwaa jina lilo hilo na kulipa ndege nzito ya kivita ya injini mbili, Messerschmitt Bf 110. Kwa hivyo mfasiri anayekutana na neno Zerstörer katika matini ya Kijerumani hana budi kuuliza kwanza iwapo kinachozungumziwa kinaelea au kinaruka.

Kwa ajili ya makala haya, chombo hiki cha majini kitaitwa destroya. Sababu zake zitabainika baadaye.

Narvik na uzito wa neno

Ujerumani ilianza kuunda destroya zake mpya mwaka wa 1934. Kufikia mwisho wa vita mwaka wa 1945 ilikuwa imekamilisha zipatazo 40. Zote zilipewa herufi Z na namba, lakini 22 za kwanza zilipewa pia majina ya wanamaji waliofariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia: Leberecht Maass, Georg Thiele, Max Schultz, Wilhelm Heidkamp na wenzao. Zilizofuata hazikupewa majina. Destroya ya kwanza ilikuwa na uzani wa tani zipatazo 2,200 bila kuhesabu mafuta na shehena, mizinga mitano ya sentimita 12.7, neli nane za kufyatulia topido, na mabaharia zaidi ya 300 waliobanana ndani yake. Injini zake za mvuke wa shinikizo kubwa ziliahidi kasi, ila ziliharibika mara kwa mara, na matangi yake ya mafuta hayakutosha kwa safari ndefu.

Alfajiri ya tarehe 9 Aprili 1940, destroya kumi za aina hii ziliingia katika bandari ya Narvik, kaskazini mwa Norwe. Kila moja ilibeba wanajeshi wa milimani wapatao 200. Kamanda wa msafara, Friedrich Bonte, alikuwa katika Wilhelm Heidkamp. Wanajeshi waliongozwa na Eduard Dietl. Meli mbili kuukuu za Norwe, Eidsvold na Norge, zilizamishwa kwa topido na mamia ya Wanorwe wakafa. Bandari ikatwaliwa. Kisha udhaifu wa destroya ukajitokeza. Safari ilikuwa imeyamaliza mafuta, na ni meli moja tu ya mafuta, Jan Wellem, iliyofika. Zikalazimika kungoja zamu ya kujazwa, moja baada ya nyingine, huku saa zikiyoyoma.

Asubuhi iliyofuata destroya tano za Waingereza, zikiongozwa na Bernard Warburton-Lee, zilijipenyeza ndani ya ghuba katika theluji. Wilhelm Heidkamp na Anton Schmitt zikazama, Bonte akafa; Waingereza nao wakapoteza Hardy na Hunter, na Warburton-Lee pia akafa. Hapa pande zote mbili zilikuwa na vyombo vya aina moja, na matokeo yalikaribiana. Tarehe 13 Aprili haikuwa hivyo. Waingereza walirudi na destroya tisa pamoja na Warspite, meli kubwa ya tani zaidi ya 30,000. Kombora la destroya ya Kijerumani lilikuwa na uzito wa kilo 28. Kombora moja la Warspite lilikaribia kilo 870. Destroya nane za Kijerumani zilizosalia, nyingi zikiwa zimeishiwa na makombora, ama zilizamishwa au ziliharibiwa na mabaharia wao wenyewe. Ujerumani ilikuwa imepoteza nusu ya destroya ilizokuwa nazo kwa muda wa siku tano. Mabaharia zaidi ya 2,000 waliookoka walipewa bunduki na kwenda kupigana nchi kavu pamoja na wanajeshi wa Dietl.

Sasa na aandike mtu kwamba siku hiyo "manowari moja na nyingine tisa za Uingereza zilizishambulia manowari nane za Ujerumani". Hajadanganya. Lakini kilo 28 na kilo 870 zimekuwa kitu kimoja, na msomaji hana njia ya kujua kwa nini upande mmoja uliangamia wote na mwingine haukupoteza hata meli moja siku ile.

Jioni ya Februari

Kuna tukio jingine, la majuma machache kabla ya Narvik, linaloonyesha kwamba kushindwa kutambua chombo kwa jina lake si kasoro ya vitabu peke yake. Tarehe 22 Februari 1940 destroya sita za Kijerumani zilitumwa katika Bahari ya Kaskazini kuzisaka mashua za uvuvi za Waingereza. Jioni hiyo hiyo jeshi la anga la Ujerumani liliwatuma marubani kushambulia meli za adui katika bahari iyo hiyo. Mabaharia hawakupata taarifa kwamba ndege zao zingekuwa angani. Wanaanga nao hawakuambiwa kwamba destroya zao zingepita hapo. Ndege ya Heinkel 111 ilitokea gizani. Mabaharia hawakuwa na hakika kama ni rafiki au adui, wakafyatua risasi. Wanaanga waliona meli wasiyoijua inayowafyatulia risasi, wakaangusha mabomu. Leberecht Maass ilikatika vipande viwili. Katika vurumai iliyofuata Max Schultz nayo ililipuka na kuzama, yumkini kwa kugonga bomu lililotegwa majini. Zaidi ya mabaharia 570 walikufa. Kati ya wote waliokuwa katika Max Schultz, hakuna hata mmoja aliyeokoka. Wanaanga walirudi wakiamini kwamba wameipiga meli ya adui.

Msomaji wa fasihi ataiona kinaya iliyomo: jina la marehemu wa vita vya kwanza lilibandikwa kwenye meli ili lisisahaulike, na meli hiyo ikawa ya kwanza kuzamishwa na wenyewe kwa kukosa kutambuliwa.

Kifaru na mabustani ya wanyama

Tukihamia nchi kavu, Kiswahili kimejaliwa zaidi. Waingereza walipoziunda mashine zao za kwanza waliziita matangi ili kuwahadaa wapelelezi wadhani kwamba ni vyombo vya kubebea maji. Ndizo zilizotumika kwa mara ya kwanza vitani tarehe 15 Septemba 1916 huko Ufaransa, na jina la uongo likadumu. Wajerumani walichagua Panzer, neno la kale lenye asili ya Kifaransa ambalo mzizi wake ni tumbo, kwa kuwa lilitaja vazi la chuma la kukinga tumbo. Mantiki yake ni ile ile ya neno letu deraya, lililotoka Kiarabu likiwa na maana ya vazi la chuma la askari. Kiswahili kilikuwa na uwezo wa kuishia hapo na kusema gari la deraya. Badala yake kikamwangalia mnyama mwenye ngozi nene, mzito, asiyegeuka upesi, mwenye pembe iliyotangulia mbele, na kikapata sitiari ambayo haihitaji maelezo.

Uzuri wa sitiari hii hauko katika picha peke yake. Uko katika sarufi. "Vifaru wachache waliobaki" ni wanyama wanaohitaji kulindwa na wawindaji haramu. "Vifaru vichache vilivyobaki" ni mabaki ya kikosi kilichoshindwa. Upatanisho wa kisarufi, A-WA kwa mnyama na KI-VI kwa mashine, hufanya kazi ambayo lugha nyingine huifanya kwa kuongeza maneno. Ni ajabu kwamba vitabu vya sarufi huupita mfano huu na kung'ang'ania kiti na kitabu.

Tatizo huanza Wajerumani wanapoleta wanyama wao. Tiger, kifaru cha tani zipatazo 57 chenye mzinga wa sentimita 8.8, ni simbamarara. Panther, iliyoingia vitani Kursk mwezi Julai 1943 na ambayo nyingi ziliharibikia njiani kabla ya kumwona adui, ni chui. Elefant ni ndovu. Wespe ni nyigu. Maus, mashine ya tani 188 iliyoundwa kwa majaribio mawili tu, ni panya, na hakuna kifaru kizito kuliko hicho kilichowahi kuundwa duniani. Mfasiri mwenye bidii atafasiri yote haya na kufurahi. Kisha atafika kwa Nashorn.

Nashorn ni kifaru. Yaani, kwa Kijerumani, ni jina la mnyama huyo huyo. Mashine yenyewe ilikuwa mzinga mrefu wa sentimita 8.8 uliofungwa juu ya gari la minyororo, lenye bamba jembamba la chuma na lililo wazi juu, lililokusudiwa kuvipiga vifaru vya adui kutoka mbali. Kundi lake liliitwa Panzerjäger, wawindaji wa vifaru. Kwa hivyo mfasiri analazimika kuandika kwamba Kifaru si kifaru, bali ni kiwinda-vifaru, na kwamba tofauti na kifaru wa porini, Kifaru hiki kilikuwa na ngozi nyembamba. Hapo msomaji atakifunga kitabu.

Si hilo tu. Kama Panther ni chui, Leopard ni nani? Leopard ni kifaru cha Ujerumani kilichoanza kutumika mwaka wa 1965, na Kiswahili hakina sababu ya kuwatenganisha wanyama hao wawili. Mwaka wa 2023, Ujerumani ilipokubali kuipa Ukraine Leopard 2, habari za Kiswahili zilizungumzia "vifaru vya Leopard". Uamuzi huo wa watangazaji ulikuwa sahihi, hata kama ulitokana na haraka ya chumba cha habari kuliko nadharia.

Yafaa izingatiwe pia kwamba majina haya hayakuwa maelezo ya mashine, yalikuwa propaganda. Nashorn yenyewe iliitwa kwanza Hornisse, yaani mavu, na jina likabadilishwa mwaka wa 1944 bila mashine kubadilika. Elefant iliitwa Ferdinand, kwa heshima ya mhandisi Ferdinand Porsche. Tarehe 27 Februari 1944 Hitler aliamuru jina Hummel lisitumike tena kwa mzinga wa sentimita 15 uliokuwa juu ya gari la minyororo. Hummel ni aina ya nyuki mnene mwenye manyoya, na yaelekea jina hilo lilionekana la upole kupita kiasi. (Kiswahili kisingeona tatizo lolote: nyuki na mzinga ni wa nyumba moja.) Siku hiyo hiyo iliamriwa Panther iitwe Panther tu, bila namba yake ya tano. Dola iliyokuwa ikirudi nyuma katika kila uwanja wa vita ilipata wasaa wa kusahihisha majina. Kufasiri majina hayo kuwa simbamarara na chui ni kuwaendelezea Wajerumani wale kazi waliyoitaka ifanyike.

Afanyeje mfasiri?

Nida (1964) alipendekeza ulinganifu wa kidinamiki, ambapo athari kwa msomaji hupewa kipaumbele kuliko umbo la neno. Newmark (1988) aliorodhesha mbinu kadhaa, zikiwemo kuhamisha neno lilivyo na kutoa kisawe cha kimaelezo, na kuruhusu mbinu hizo zichanganywe. Kwa zana zinazojadiliwa hapa, mchanganyiko ndio unaofaa.

Jina la pekee lihamishwe lilivyo na litanguliwe na nomino ya Kiswahili inayobeba upatanisho: kifaru cha Tiger kilichopigwa, si Tiger aliyepigwa. Kwa njia hii ngeli hulinda maana, na mnyama hubaki porini. Istilahi ya aina itafsiriwe kwa kazi yake. Gari la deraya libaki neno jumuishi. Kifaru kitengewe mashine ya minyororo yenye kichwa kinachozunguka, iliyokusudiwa kutangulia katika mashambulizi. Sturmgeschütz, ambayo Wajerumani waliiunda kwa maelfu na ambayo haikuwa na kichwa kinachozunguka, iwe mzinga wa deraya, maadamu hata jeshi lao liliikabidhi kwa wapiga mizinga. Nashorn na ndugu zake wawe viwinda-vifaru. Wapo watakaodai kwamba istilahi hii ni nzito ulimini. Haizidi kifunguamimba kwa uzito.

Kuhusu Zerstörer, tafsiri sisisi lazima ikataliwe kwa sababu iliyokwisha kuelezwa: inakuza kilichokuwa kidogo. Kisawe cha kimaelezo, "manowari nyepesi yenye kasi", kinafaa mara ya kwanza, lakini hakiwezi kurudiwa mara hamsini katika sura moja. Kilichobaki ni utohozi. Wako wataalamu watakaoona destroya kuwa ni unyonge wa lugha, hasa wale wanaopenda kila istilahi ichimbuliwe katika mizizi ya Kibantu. Walionaje manowari? Neno hilo liliingia kwa mlango uo huo, likavuliwa viatu na kukaribishwa. Nyambizi, lenye uhusiano wa wazi na kupiga mbizi, linathibitisha kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuunda chake kinapoiona kazi ya chombo waziwazi. Kazi ya destroya haionekani hivyo, kwa kuwa hata jina lake la asili limepoteza nusu yake.

Katika mkono wa bahari wa Rombaken, karibu na Narvik, omo ya Georg Thiele ingali imejitokeza juu ya maji. Kabla ya kuipandisha mwambani, mabaharia wake walifyatua topido iliyoing'oa omo ya Eskimo ya Waingereza. Chini ya picha ya mabaki hayo, maelezo ya Kiswahili yanaweza kuandikwa hivi: "Georg Thiele, destroya ya Kijerumani, iliyopandishwa ufukoni na mabaharia wake tarehe 13 Aprili 1940 baada ya kuishiwa na makombora."